Nepi Zisizo na Alama

Mpaka leo, na miaka sabini na ushee mgongoni, Mzee Pasi hawezi kusalimiana na kijana bila kumtupia jicho bega la kushoto. Mkewe amemkanya mpaka amechoka. Juzi tu walikuwa wamekaa kwenye benchi la zahanati wakisubiri dawa ya miguu, akapita bwana mmoja mtanashati, tai shingoni, mafaili kwapani. Mzee Pasi akamtazama, akatabasamu, akamuuliza, "Mwanao ana miezi mingapi sasa?" Yule bwana akasimama, akamkodolea macho, kisha akajibu kwamba ana mitano. Hawakuwa wakijuana hata kidogo.

"Baba Pacha," mkewe akanong'ona yule bwana alipokwenda zake, "ipo siku utapigwa."

"Nipigwe kwa lipi? Ana doa la kucheua begani. Ndiyo kwanza linakauka. Amembeba asubuhi hii hii."

Haya, huyo ndiye mtu ninayetaka mumjue. Alikuwa dobi wa chuo. Aliingia pale ana miaka ishirini na minne, akatoka ana sitini, na jina la Mzee Pasi alibandikwa na wanafunzi wiki ya kwanza tu, hana hata mvi moja, kwa sababu habanduki kwenye meza ya kunyoshea hata kengele ya chakula ilie mara ngapi. Siku hizi ukienda huko utakuta safu ya mashine zinanguruma zenyewe, mwanafunzi anatumbukiza nguo zake na kukaa pembeni na simu. Walimwalika siku moja akazione. Akazunguka, akaguna, akasema mashine haijui inamfulia nani, kisha akaomba arudishwe nyumbani.

Maana kile chumba cha kufulia alikipenda, tusidanganyane. Kilikuwa nyuma ya jiko, masinki sita ya saruji, boila moja kuukuu lenye kikohozi cha asubuhi, meza mbili ndefu zilizotandikwa blanketi, na nje uwanja wa kamba kumi na nne unaotazamana na madirisha ya utawala. Harufu ya sabuni ya mche ikichanganyika na mvuke na pamba iliyopitiwa na pasi, akiikumbuka tu, macho yanamlegea. Anasema angepewa siku moja ya kurudi ujanani asingeomba harusi yake wala nini, angeomba Jumanne moja ya kawaida, jua kali, kamba zote kumi na nne zimejaa. Mkewe akisikia hilo la harusi humkata jicho.

Sheria ya kazi ilikuwa moja, na aliachiwa na dobi aliyemfundisha: hakuna kitambaa kinachotoka pale bila alama. Kila mwanafunzi alipewa namba, nayo ikashonwa kwa uzi mwekundu kwenye kola ya shati, kwenye pembe ya shuka, kwenye mdomo wa soksi. Majina yao hakuyajua na wala hakujisumbua. "Hamsini na Moja, hujambo? Kile kifungo nimekushonea." "Mia Tatu na Sita anaumwa, wiki nzima hajaleta shati." Wengine walinuna mwanzoni, baadaye wakazoea. Wapo waliomtembelea nyumbani kwake miaka mingi baadaye, na vitambi na vyeo vyao, wakabisha hodi na kujitambulisha kwa namba.

Mambo ya bega aliyajulia kwake mwenyewe. Mwaka wa tatu wa kazi mkewe alijifungua pacha, na baada ya siku arobaini za kusaidiwa na shangazi, mama akamwambia, "Mmoja wako, mmoja wangu, tusilaumiane." Basi akawa anabeba. Ndipo alipogundua kwamba mtu wa mkono wa kulia humbeba mtoto kushoto ili abaki na mkono wa kazi, na mtoto akishiba humcheulia hapo hapo. Doa lenyewe likiwa bichi halionekani. Likikauka linafanya ukingo wa njano hafifu, na likipata joto la pasi linatoa harufu ya maziwa yaliyochacha. Hulichanganyi na jasho, wala mchuzi, wala chaki. Mashati yake yote mwaka ule yalikuwa hivyo.

Na mwaka ule ule, asubuhi moja, akakutana nalo kwenye blauzi ya Sabini na Mbili.

Sabini na Mbili alikuwa binti wa mwaka wa pili, mtu wa hesabu, mkono wake wa kulia umejaa chaki hadi kwenye kiwiko. Chuo wakati ule hakikuwa na utani. Anayelala bwenini asiwe na mtoto, kwisha habari. Ukijulikana unafunga virago siku hiyo hiyo, na mvulana aliyezaa naye akinyamaza vizuri anamaliza masomo na kuvaa joho. Kwa hiyo binti alikuwa amewapangishia mtoto wake na dada yake chumba nje ya geti, anachomoka kati ya vipindi kwenda kunyonyesha, anarudi mbio. Chumba kile hakikuwa na maji. Bomba la mtaa lilitoka mara mbili kwa wiki, likijisikia. Siku moja akapiga moyo konde, akachomeka nepi nne ndani ya foronya, akaleta furushi lake pamoja na la kila mtu.

Mzee Pasi hakumuuliza kitu. Alifurahi, jamani. Alikuwa baba mpya, na baba mpya akiona nepi ya mwenzake anajiona yuko katika chama. Alizifua kwa mkono, akazitia bluu zing'ae, akazinyosha, akazikunja pande nne. Kisha, kwa kuwa hakuna kinachotoka bila alama, akakaa na sindano yake na kushona sabini na mbili, sabini na mbili, sabini na mbili, sabini na mbili. Kwa uzi mwekundu. Alishona taratibu kuliko kawaida, zisije zikampotea.

Alhamisi ilikuwa siku ya ukaguzi wa mabweni. Matroni, mwanamke aliyekuwa anapitisha kidole juu ya milango kutafuta vumbi, alifungua kabati, akainua shuka, akaona nepi nne zilizonyoshwa zikanyoka. Hakuhitaji kumuuliza mtu. Alisoma namba.

Saa saba mchana Sabini na Mbili alikuwa njiani kuelekea getini na sanduku la bati kichwani. Alipita kwenye chumba cha kufulia kurudisha shuka za chuo. Mzee Pasi alikuwa amekwisha kusikia, maana habari ya namna ile jikoni inafika kabla ya mwenyewe. Binti akaweka shuka mezani, akazilainisha kwa kiganja, akamwambia, "Mzee Pasi, ulizinyosha vizuri mno." Hakusema kwa kebehi. Ingekuwa kebehi angeweza kuisahau na kulala. Aliondoka, na pamoja na kuulizia kila mahali kwa miaka, Mzee Pasi hakupata kujua alikoishia.

Tangu hapo akawa na kazi mbili ndani ya kazi moja. Nepi hazikushonwa alama tena. Zilikaushwa nyuma ya boila, pasipofika jicho la mtu, kisha zinarudishwa ndani ya foronya, na mdomo wa foronya anaufunga kwa mishono mitatu ya uzi mweupe, milegevu, ya kukatika kwa kidole. Hakutangaza. Hakuna aliyemwomba wala aliyemshukuru. Ila kila mwaka, mwezi wa pili au wa tatu wa muhula, foronya moja ingekuja nzito kuliko foronya inavyopaswa kuwa, na yeye angeipeleka moja kwa moja nyuma ya boila. Miaka mingine walikuwa watatu, miaka mingine tisa.

Aliwajua watoto wale, waliofichwa kwenye vyumba vya kupanga nje ya geti, bila kuwaona. Alijua anayeharisha, anayeota meno, aliyeanza kula vyakula vizito na hataki karoti. Akiona blauzi imelowa maziwa kifuani mara mbili katika wiki, alijua mama ana vipindi virefu bila nafasi ya kunyonyesha, basi anakunja vitambaa viwili vizito na kuvitia kwenye mfuko wa blauzi, mwenyewe ataelewa. Foronya ikikosekana ghafla, hakai akatulia. Wiki moja foronya ya Mia na Tisa haikuja, ya pili haikuja, na nyumbani Mzee Pasi chakula hakipandi. Ya tatu ikaja, imejaa tele, chafu kupindukia. Mkewe anasema hajapata kumwona mwanamume aliyefurahia kinyesi cha mtoto wa watu namna ile.

Miaka ikaenda hivyo, ishirini na zaidi. Pacha wake wakakua, wakaondoka. Matroni akastaafu. Kisha akaja Mlezi wa Wanafunzi mpya, mama mmoja mfupi, miwani puani, mwendo wa haraka. Huyu hakuwa mtu wa maneno matupu. Muhula wa kwanza tu alisimama kwenye baraza la chuo akasema ile sheria ni ya kuonea watu na ifutwe, na kweli ikafutwa. Akaona zile nyumba kumi na mbili za zamani za walimu, chini ya uwanja wa mpira, zimekaa tupu, akaomba wapewe wanafunzi wanaolea watoto, na nyumba moja iwe ya kushindia watoto mchana akiwepo mtu wa kuwaangalia.

Mkuu wa Chuo hakukataa moja kwa moja. Wakuu hawakatai hivyo. Alisema sawa, nipatie familia nane kufikia Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Zikikosekana, maana yake shida hiyo haipo hapa kwetu, nyumba zitakuwa ghala la madawati.

Mlezi akachapa fomu. Jina, mwaka wa masomo, bweni, halafu: Je, unalea mtoto? Ndiyo. Hapana. Zikagawiwa mia sita na kumi na tatu, zikarudi mia sita na kumi na tatu, na zote zimewekwa alama kwenye Hapana. Mmoja aliongeza kwa mkono chini yake, "Mimi mwenyewe bado nalelewa," na utawala mzima ukacheka siku mbili.

Mlezi hakucheka. Jumanne ya wiki ile ya mwisho alikuja kwenye chumba cha kufulia, akafunga mlango nyuma yake, akasimama mbele ya meza.

"Mzee wangu, nimeambiwa hapa wewe ndiye unayejua watu."

"Mimi najua mashuka, mama."

"Wako wangapi?"

Mzee Pasi akageuza kola ya shati, akaipiga pasi upande wa pili ambao haukuwa na shida yoyote. Walikuwa kumi na mmoja. Aliwajua namba kwa namba, na angeweza kuwataja bila kuvuta pumzi. Akajitia hamnazo.

"Sikuombi majina," Mlezi akaendelea. "Niandikie namba tu. Namba nane. Ijumaa faili linafungwa, na likifungwa sitapata tena mtu wa kunisikiliza kwa jambo hili. Watu hawa watapoteza nyumba kwa kuogopa kitu ambacho hakipo tena."

"Nani amewaambia hakipo?"

"Mimi. Nimetangaza."

"Hata ile sheria ilitangazwa," akajibu Mzee Pasi, na pasi ikaendelea.

Nyumbani alimweleza mkewe, akitegemea kuungwa mkono. Akaula wa chuya.

"Kwa hiyo unanyamaza," Mama Pacha akasema, "na watoto wanaendelea kufichwa. Miaka yote hii unajilaumu kwamba ulisema kupita kiasi. Safari hii utajilaumu kwa lipi?"

"Si siri yangu."

"Nani kakwambia uitoe? Kaongee nao wenyewe. Au umewasemesha kwa foronya mpaka mdomo umesahau kazi?"

Hilo lilimchoma, kwa kuwa ni kweli. Katika miaka yote ile hakuwahi kumwambia mwanafunzi hata mmoja, kwa mdomo wake, najua una mtoto. Jumatano, Arobaini alipokuja kuchukua furushi lake, Mzee Pasi akajikaza kisabuni. Arobaini alikuwa msichana mpole wa mwaka wa tatu, kucha ameziguguna mpaka mwisho.

"Mwanao anaota meno ya juu," akamwambia. "Msugulie ufizi kwa kidole kisafi."

Binti alibadilika rangi. "Sina mtoto, Mzee Pasi."

"Haya. Huna."

Boila likakohoa. Arobaini akatazama mlango, akatazama furushi, kisha machozi yakamtoka, na sauti haikutoka. "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu na simwambii mtu. Lakini kuna nyumba, mwanangu. Kwa nini hukujaza ile fomu?"

"Imeanza na jina," akasema Arobaini. "Nikishaandika jina langu halafu nikaandika ndiyo, nipo peke yangu. Chuo kizima mimi peke yangu ndiye mwenye mtoto, huoni? Watanionyesha vidole hadi nihame mwenyewe."

Mzee Pasi akaomba arudie. Arobaini akarudia: yeye peke yake. Na Arobaini alikuwa analala chumba cha pili kutoka kwa Mia Mbili Thelathini na Nne, mwenye mtoto wa miezi saba. Walikuwa wanakaa benchi moja darasani na hawajui. Kumi na mmoja, na kila mmoja anajiona ni mkosaji wa peke yake katika watu mia sita. Na hapo ndipo Mzee Pasi alipoona ubaya wa kazi yake nzuri. Alikuwa amewaficha vizuri mno hata wao kwa wao hawakuweza kuonana.

Alhamisi alifika kazini mapema. Alitoa nepi zote nyuma ya boila, za wiki nzima, akazipeleka uwanjani. Alishusha mashuka yaliyokuwa kwenye kamba za mbele, zile zinazotazamana na utawala, akaanika nepi. Kila familia kamba yake. Kamba kumi na moja. Hakuna namba, hakuna uzi mwekundu, ni vitambaa tu: hizi zimekatwa kwenye shuka la maua, hizi za taulo, hizi zina ukingo wa njano, hizi zimeshonwa na mtu asiyejua kushona. Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na tisa, na kazi nyingine hakuwa nayo.

Saa nne wanafunzi walitoka kwenda kunywa chai. Wa mbele wakasimama, wa nyuma wakawagonga. Kicheko kikaanza upande mmoja, kikapita, kikaisha chenyewe. Watu wakabaki wanahesabu. Mzee Pasi alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha vibanio, na alichokuwa anakitazama ni nyuso zile kumi na moja anazozijua. Aliona Arobaini akiitambua kamba yake. Kisha akaona macho yake yakienda kamba ya pili, ya tatu, ya nne, mdomo unahesabu. Alipofika ya kumi na moja akajishika shavu.

Mkuu wa Chuo alishuka mwenyewe, jambo lisilo la kawaida.

"Nani ameanika vitu hivi mbele ya ofisi?"

"Mimi, Mkuu."

"Ni vya nani?"

"Vya wanafunzi wako."

"Namba zao?"

"Hazina alama."

"Miaka yote unajisifu hapa hakuna kitambaa kisicho na alama."

"Nilikuwa nadanganya, Mkuu."

Mkuu alimwangalia, akaangalia kamba. Akasema hadi kesho mchana vitu vile viwe vimeondoka, au dobi aondoke navyo. Mlezi, aliyekuwa amemfuata nyuma anatweta, akasema vizuri, hadi kesho mchana. Kisha akamgeukia Mzee Pasi, na hapo ndipo mzee alipomweleza habari ya Sabini na Mbili, wamesimama pale pale kati ya kamba, kwa mara ya kwanza nje ya nyumba yake. Mlezi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakusema pole. Alisema, "Kesho asubuhi nitakaa hapa. Atakayetaka aje achukue za kwake mchana kweupe. Asiyetaka?"

"Asiyetaka nitamrudishia kama siku zote."

"Sawa. Na jina nitaandika mwisho, siyo mwanzo."

Ijumaa Mlezi alikaa juu ya karai lililopinduliwa, fomu mapajani. Saa mbili ikapita. Saa tatu ikapita. Mzee Pasi alikuwa ananyosha mashuka asiyoyaona. Saa nne ya chai watu wakatoka, wakasimama mbali, wamefanya nusu duara, hakuna anayesogea. Kila mmoja alikuwa anamtazama mwenziwe aone nani ataanza.

Aliyeanza alikuwa Kumi na Tisa. Wanafunzi walimwita Spika, kwa jinsi anavyopiga kelele kwenye mechi, kijana mrefu, mcheshi, na ndiye aliyeandika kwenye fomu kwamba bado analelewa. Alivuka uwanja mikono mifukoni, akafika kwenye kamba ya nepi zilizoshonwa vibaya, akaanza kuchomoa kibanio kimoja kimoja. "Hizi za kwangu," akasema. "Mama yake alifariki akijifungua. Nimezishona mwenyewe, msinicheke." Hakuna aliyecheka. Akazitia begani, la kushoto, akaenda kusimama mbele ya Mlezi.

Arobaini akaja karibu anakimbia. Nyuma yake Mia Mbili Thelathini na Nne, na walipokutana kwenye kamba wakatazamana, jirani kwa jirani, wakashikana mikono wakalia waziwazi. Akaja wa nne, wa tano. Wa nane alipofika Mlezi alikuwa anaandika huku pua inamchuruzika na hana habari nayo. Wakafika kumi.

Kamba moja ikabaki, nepi sita za taulo, nyeupe. Kengele ikalia, watu wakaenda madarasani, hakuna aliyekuja. Saa sita ikagonga. Mzee Pasi alimjua mwenyewe vizuri sana. Alikuwa amesimama katika ile nusu duara muda wote, na aligeuka na wenzake bila kutazama nyuma. Alikuwa na sababu zake, na hata leo, ukimuuliza Mzee Pasi, atakuambia sababu zilikuwa nzito na ataishia hapo. Mkewe mwenyewe hajaambiwa, na amejaribu njia zote.

"Na hizi?" Mlezi akauliza.

"Hizo nazirudisha mwenyewe."

Alizitoa kambani, akazinyosha, akazikunja pande nne, akazitia ndani ya foronya. Mlezi alikuwa anamwangalia. Akatoa kicha cha funguo mfukoni, akachomoa mmoja, wa nyumba ya mwisho, ya pembeni kabisa, akauweka juu ya nepi. Fomu hakuandika. Kwenye faili, nyumba ile ikakaa bila jina mwaka mzima. Mzee Pasi akashona mdomo wa foronya kwa mishono mitatu ya uzi mweupe, akaiweka rafuni pamoja na mafurushi mengine.

Jumamosi ikapita. Jumapili ikapita, na yeye nyumbani hakukaliki, mkewe akamfukuza kwenye kochi. Jumatatu aliamua kupita njia ndefu, ile ya chini ya uwanja wa mpira. Nyumba tisa zilikuwa zimeingiwa, ndoo nje, viatu mlangoni. Ya kumi mtu alikuwa anahamisha godoro. Ya mwisho dirisha lake lilikuwa limefungwa, pazia limeshushwa. Akasimama. Akajiambia haya, hakutaka, usimlazimishe mtu, akageuka aende zake.

Ndipo mtoto akalia ndani. Watoto wale wote kumi na mmoja walikuwa watoto wa kunyamazishwa, jamani. Ilikuwa mmoja akifungua mdomo tu, kiganja, titi, shuka, chochote, kabla jirani hajasikia akapeleka habari chuoni. Huyu alilia kwa pumzi zake zote. Akanyamaza kidogo kuvuta hewa, akaanza upya, kwa nguvu zaidi, na ndani sauti ya mama yake ilikuwa inaimba imbaimba, haina haraka, inamwacha alie.

Mzee Pasi akakaa chini kwenye majani yenye umande, suruali ya kazi na yote, akalia naye. Boila siku hiyo lilichelewa kuwashwa kwa saa nzima.